Nilimfuata Bundi Arabuko-Sokoke

Nyumbani kwetu Malindi bundi hatajwi usiku. Nilipokuwa mdogo, akilia juu ya mkwaju wa jirani, mama aliacha chochote alichokishika, akatupa chumvi kwenye makaa ya jiko na kusema maneno yake kwa sauti ya chini. Kukicha tukaulizana nani mgonjwa mtaani. Ndege mwenyewe sikuwahi kumwona. Nilijua sauti yake tu, na nilijua kwamba ni uchuro.

Kwa hiyo nilipomwambia mama kwamba nakwenda msituni kumtafuta bundi, kwa hiari yangu na kwa nauli yangu, alinitazama kitambo.

"Mwanangu, bundi hutafutwa?"

Jambo lenyewe lilianzia mbali na Malindi. Miaka miwili nyuma nilialikwa arusi Wundanyi, katika milima ya Taita, na siku ya pili wenyeji wangu wakanipeleka Ngangao. Ni kipande kidogo cha msitu, hekta 120 hivi, kilichosalia mlimani huku mashamba yamekizunguka. Tuliingia asubuhi ukungu umeshuka hadi mabegani. Mvua haikuwepo, lakini matone yalikuwa yakidondoka kote: majani yanaukamata ukungu, unakuwa maji, maji yanateremka. Mashina ya miti yamevaa kuvumwani nene, ukiliminya linatoa maji kama sifongo. Mbele yetu, ndani ya weupe ule, ndege alikuwa akiimba wala hatukumwona. Mwenyeji wangu akaniambia wako ndege hapa ambao ukiwakosa katika vilima hivi vya Taita hutawapata kokote duniani.

Nikamuuliza ukungu wote huu watoka wapi. Akanyoosha mkono upande wa mashariki. "Kwenu."

Upepo wa Bahari ya Hindi, ule ule unaojaza matanga ya majahazi yetu, huvuka nyika kavu ukiwa umebeba unyevu wake. Ukifika Taita unakutana na mlima, unapanda, unapoa, na ule unyevu unageuka wingu. Nilikuwa nimesafiri siku nzima kwenda kulowa kwa pumzi ya bahari ya kwetu. Kisha akaniuliza habari za Sokoke, msitu wetu. Nimepita kando yake kwa matatu tangu utotoni, nikienda Kilifi na Mombasa, mara nisizoweza kuhesabu. Sikuwa nimewahi kuingia. Nilimjibu kwa ufupi, nikageuza mazungumzo, lakini neno lile lilinikaa.

Arabuko-Sokoke ni kilomita za mraba 420 hivi, na ndicho kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Zamani misitu ya namna hii ilifuata pwani kutoka kusini mwa Somalia hadi Msumbiji. Leo ni vipande vipande. Huu wetu ulitangazwa hifadhi ya serikali mwaka 1943, na ndege wanaojulikana humu ni zaidi ya aina 230. Watu hutoka Uingereza na Marekani kwa ajili ya ndege watano sita wa hapa, na mmoja wao ni bundi wa Sokoke, ndiye niliyekuwa namfuata. Kutoka nyumbani kwetu hadi lango la Gede ni mwendo usiofika kilomita ishirini na tano.

Nilianza vibaya. Nilikwenda kwa kampuni moja ya utalii mjini, wakanitajia bei kwa dola, nikalipa nusu. Siku ya safari nikakaa barazani tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu, gari halikuja na simu haikupokelewa. Pesa zile sikuzipata tena. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimeamini kwamba mtu wa hapa hawezi kuingia msitu wa hapa ila kwa mkono wa kampuni. Jirani yetu mmoja, mvuvi, aliniona nimeinama. "Dada, Gede si ng'ambo. Panda gari."

Nikapanda gari. Wiki iliyofuata, baada ya sala ya alfajiri, nilikuwa kituoni kwenye matatu ya Mombasa, nimekaa mbele kwa dereva. Konda alinishusha njia panda ya Watamu jua halijachomoza, nikachukua bodaboda hadi kituo cha misitu cha Gede. Ukitoka Malindi kiko mkono wa kulia, kando ya barabara kuu kabisa. Nililipa kiingilio cha raia, na mwongozaji niliyezungumza naye jana yake kwa simu alikuwa amekwisha kufika.

Ni mzee wa Kigiriama, amezaliwa kijiji cha pembeni mwa msitu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo darubini iache shingoni kwanza. Tunaanza na masikio."

Tuliingia hatua mia hivi, akasimama. Kwa dakika kumi hakusema kitu wala hakusogea. Mkono wake wa kulia ulikuwa ubavuni, na kila baada ya muda alikunja kidole kimoja. Vilipokwisha akaanza vya kushoto. Mimi nilikuwa nasikia kelele moja tu, tamu lakini moja. Yeye alikuwa amehesabu ndege tisa, na kila mmoja akanionyesha kwa mkono alipo: huyu yuko juu ya ule mti uliokauka, huyu yuko chini kwenye majani, wale wawili wanajibizana mume na mke. Kisha akanirudisha kwenye sauti moja moja. "Sikiliza hii tu. Nyingine ziache zipite."

Sijui kama nimewahi kufundishwa kitu kwa upole namna ile. Sauti ya kwanza niliyoitenga ni ya hondohondo, ambaye analia kama mtoto aliyeachwa peke yake nyumbani, mpaka moyo unashtuka. Ya pili ilikuwa ya dudumizi, na hiyo nikagundua nimeijua maisha yangu yote: kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye mtungi wenye shingo nyembamba, yanaanza kwa kasi na kumalizika kwa kugugumia. Kwetu husemwa akilia hivyo mvua iko njiani. Ya tatu ilinichukua nusu saa. Ndege wa msitu haonekani kwa sababu umetaka kumwona. Mwanga ni mchache, majani ni mengi, naye ana kazi zake. Anayemjua kwa sauti humngoja mahali atakapotokea.

Halafu msitu ukajaa. Dakika chache hivi hakukuwa na kitu, ghafla kila tawi lina ndege. Mzee alinieleza kwamba ndege wa aina mbalimbali hutembea pamoja kama msafara. Wanaotangulia mara nyingi ni ndege fulani weusi wenye macho mekundu, wanapita kwa makundi wakipiga kelele, na wale wengine huwafuata. Kila mmoja anawinda kwa namna yake: huyu anachungulia magome, huyu majani, huyu anangoja mdudu aliyefurushwa na mwenzake. Tena macho ni mengi, mwewe akitokea ataonekana mapema. Nilinyanyua darubini, nikaishusha, nikainyanyua tena, mikono ikitetemeka. Msafara ulitupita kwa dakika nne au tano. Kukawa kimya tena.

Wa siku ile niliyempenda kuliko wote hakuwa ndege. Tulisikia majani makavu yakichakarika, mzee akanishika mkono. Umbali wa kama mikeka mitatu kutoka tuliposimama, mnyama wa ukubwa wa sungura mdogo alikuwa akichokoa ardhi kwa pua ndefu inayopinda huku na huku, pua ambayo haikutulia hata mara moja. Miguu membamba kama ya paa. Na nyuma, juu ya mkia, pamepakwa rangi ya dhahabu, kana kwamba amekalia rangi mbichi. Huyu ni sengi, na huyu wa kiuno cha dhahabu ni mnyama wa pwani yetu ya Kenya, ngome yake kubwa ni msitu huu. Kindege kimoja chenye kifua cha rangi ya chungwa kilikuwa kikimfuata nyuma, kinaokota wadudu anaowafukua. Nilihema kwa nguvu kidogo tu, sengi akaruka, akapiga mkia chini mara kadhaa, pa-pa-pa, akapotea.

Baadaye njia ilitutoa kwenye msitu mzito ikatuingiza kwenye miti iitwayo mirihi. Mabadiliko ni ya hatua chache. Udongo unakuwa mchanga mweupe, miti inaachana, jua linafika chini. Hapa hukaa chozi wa aina isiyoonekana kwingi, na hapa ndipo huja makundi ya mnana anayeitwa wa Clarke, mwenye manjano na weusi, ambaye duniani kote hayupo ila katika kaunti yetu ya Kilifi. Kwa miaka mingi wataalamu walimwona akila huku lakini hakuna aliyejua anajenga wapi. Mwaka 2013 ndipo viota vyake vilipoonekana, Dakatcha, kaskazini ya mto Sabaki, kwenye mabwawa yanayojaa wakati wa mvua na kuota ndago. Maana yake ni kwamba kulinda Sokoke peke yake hakumtoshi. Kila gunia la mkaa linalotoka Dakatcha, na yanayopita Malindi nayaona kwa macho, linagusa nyumba yake.

Mzee alinionyesha pia yasiyopendeza. Shimo refu, limefunikwa nusu na majani: hapo wapasuaji walikuwa wakipasua magogo, mmoja amesimama ndani ya shimo, mmoja juu, na msumeno kati yao. Visiki vya mbambakofi. Visiki vya muhuhu, uliokatwa sana kwa ajili ya wachonga vinyago. Nilikumbuka kitanda cha nyumbani kwetu, cha mbambakofi, tunachojivunia kwa wageni. Sikusema neno.

Nilimuuliza watu wa vijijini wanapata nini kwa msitu huu zaidi ya kukatazwa. Hakukasirika. Alinitajia Kipepeo, mradi ulioanza Gede mwaka 1993, ambapo wakulima hufuga vipepeo, na pupa wao, yaani kiwavi aliyejifunga kabla ya kuwa kipepeo, huuzwa ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho. Akanitajia daraja la mbao kwenye mikoko ya hori ya Mida, ambalo pesa za wageni husaidia karo za watoto wa sekondari wa vijiji vya kando ya msitu. Binti yake mwenyewe alisoma hivyo. "Haitoshi," alisema, "lakini mtoto aliyesomeshwa na ndege hamtegi ndege." Mida nilikwenda jioni ile ile, maji yakiwa yametoka, na ningependa kuiandikia siku yake. Niseme tu kwamba ndege nao wana kusi na kaskazi kama majahazi. Miezi ya kaskazi Mida hujaa ndege wa pwani waliotoka Ulaya na Asia, na mmoja wao, mweupe na mweusi mwenye mdomo mzito wa kuvunjia kaa, huzaa huko Uarabuni kwa kuchimba shimo mchangani. Kusi ikiingia, yuko ndege wa msituni anayetoka kusini mwa Afrika kuja kukaa Sokoke, tangu Aprili hivi hadi Oktoba.

Bundi hatukumfuata siku ile. Upande wa Gede si kwake. Yeye anataka udongo mwekundu wa magharibi, kwenye vichaka vizito vilivyosongamana hata mbuzi hapiti vizuri. Tukaagana kwamba tutakutana Jilore.

Jilore ni kwa watu wangu upande wa mama. Nilipanda gari la Kakoneni Ijumaa jioni nikalala kwa mama mdogo, ambaye alinipikia sima na mchicha wa nazi, akacheka sana aliposikia nilichokifuata, kisha akaacha kucheka. "Usimletee hapa nyumbani," alisema. Nilivaa dera la kijani kibichi kizito, suruali ndani, na ushungi wa kahawia, kwa sababu mzee alinikataza rangi za kung'aa na alinikataza manukato.

Saa kumi na moja kabla ya adhana tulikuwa tumesimama ukingoni. Hatukuingia. Humu mna ndovu, na mzee haingii gizani. Hata kulipopambazuka alikuwa akiinama kwanza kutazama kinyesi kama ni kibichi. Mtu asiyejua asijipeleke peke yake kwa kuokoa pesa ya mwongozaji. Hiyo ni pesa ya kwanza kuitoa, kabla ya nauli.

Tulisikiliza. Mbu waliniuma mpaka masikio yakawa moto. Kisha ikaja, mbali: *hung', hung', hung', hung'*, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa tupu kwa pumzi fupi za kulingana. Saba au nane, ikakoma. Ikaanza tena.

"Chura?" nilinong'ona.

"Ndiye."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa ule mlio wa mkwajuni, unaosimamisha nywele. Hii ilikuwa sauti ya mtu mpole anayebisha hodi.

Kulipopambazuka tuliingia. Mzee alitembea mbele ameinama, anatazama matawi ya chini, anarudi, anazunguka, ananiambia ningoje. Alikuwa anajua vichaka ambavyo hupenda kulala, lakini bundi hana mkataba na mtu. Ilipita saa moja na nusu. Miiba ilinichana mikono, siafu walipanda kwenye soksi. Nilikuwa nimekwisha kukubali kwamba nitarudi na sauti tu, na sikuona kuwa ni hasara. Ndipo akainua kidole kimoja.

Nilitazama kidole, nikatazama tawi, sikuona kitu. "Shuka kidogo. Pale majani makavu yaliponing'inia." Nilishuka. Majani makavu yakawa na macho.

Walikuwa wawili, wamebanana bega kwa bega kwenye tawi lisilozidi kimo cha mlango. Mmoja wa kijivu, mmoja wa rangi ya udongo ule mwekundu uliokuwa umenipaka miguu. Bundi wa Sokoke ana urefu wa sentimita 17 hivi. Kiganja changu nikikinyoosha kinamfunika. Uzito wake ni gramu 50 hivi, yai la kuku wa kienyeji. Manyoya ya kifua yana vidoa vyeupe na michirizi myeusi midogo midogo, kama gome lililoliwa na mchwa, na juu ya kichwa vishungi viwili vilivyosimama kidogo kwa sababu yetu. Yule wa kijivu alifungua jicho moja, la manjano, akanitazama, akalifumba nusu. Mwenzake hakujishughulisha. Upepo ulipotikisa tawi walitikisika pamoja.

Wanasayansi walimpa jina mwaka 1966 tu. Makao yake yanayojulikana ni machache mno: hapa kwetu, na huko Usambara Mashariki, Tanzania. Alikuwepo bibi yangu akilima mihogo ukingoni mwa msitu huu, alikuwepo mababu wa bibi, na tulichokuwa nacho juu ya jamaa yake mzima ni jiwe na chumvi.

"Kwetu pia wanampiga mawe," mzee alisema kwa sauti ndogo. "Wanampiga yule mkubwa wa vijijini. Huyu haji kijijini. Hajui hata nani mgonjwa."

Nilitoa simu nipige picha. Akaniruhusu moja, bila taa. Alinisimulia kuhusu mgeni mmoja aliyepiga sauti ya bundi kwenye simu tena na tena ili asogee, mpaka ndege akahangaika mchana kweupe akidhani ameingiliwa na mwingine katika eneo lake. Mzee aliikatiza safari pale pale akamrudishia mgeni pesa yake. Nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa yote mengine. Yeye hula kwa ndege hawa, na angeweza kunyamaza.

Tulikaa nao dakika tano, akanigusa bega, tukaondoka kinyumenyume.

Nilifika nyumbani adhuhuri, vumbi jekundu hadi magotini. Mama alikuwa uani anakuna nazi. Hakuniuliza kitu mpaka nilipokwisha kuoga na kula. Nikamwonyesha picha. Aliitazama kwa mbali kwanza, halafu akaichukua simu mkononi.

"Mdogo hivi?"

Nikanyoosha kiganja.

"Na yeye analiaje?"

Nikaziba mdomo kwa mikono miwili nikajaribu: *hung', hung', hung', hung'*. Mama aliacha mbuzi ya nazi.

"Huyo si bundi," alisema. "Huyo ni ndege wa kisimani. Jilore, tukiamshwa na bibi yako kwenda kuchota maji, alikuwa akilia upande wa msitu. Akilia tulijua bado giza, tunangoja kidogo mlangoni, bibi anatufunika na leso yake." Akanyamaza. Kisha akanirudishia simu, akakaa vizuri kwenye mbuzi.

"Rudia," alisema.